Mtoto wa miaka 7 ana jicho vivu na macho yamenyooka. Kwa nini tuzibe lile jicho zima?

#1 Ummu_Nasra
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nnataka kuuliza kwa aliyepitia hili. Mwanangu wa kike ana miaka 7, walikuja watu wa macho skulini kwao wakawapima watoto wote, akarudi na karatasi kwamba jicho la kushoto halisomi. Mie nikadhani karatasi zimechanganywa maana huyu mtoto hana makengeza, hafinyi macho, chuoni ndie wa mwanzo katika wenziwe kuhitimu juzuu amma. Tumekwenda spitali wakampima tena, jicho la kulia anaonesha mpaka mstari wa chini kabisa, wakaliziba la kulia akawa haoni hata ile alama kubwa ya pale juu, akaanza kulia anausukuma mkono wa daktari. Daktari kasema jicho lenyewe halina ugonjwa, ila ni jicho vivu, ubongo umeacha kulitumia. Kampa miwani avae kutwa na baadae tutaanza kuliziba jicho la kulia, yaani hilo hilo linaloona. Hapo ndipo nyumbani pamewaka moto. Mamamkwe anasema haijapata kuonekana, mtoto ana jicho moja zima halafu mzazi mwenyewe aende akalizibe. Na jirani kaniambia ikishapita miaka 6 basi tena, nnajisumbua. Hebu nielezeni jamani, kweli hii?

#2 Yakhe_wa_Konde
Wa alaykum salaam. Bi Ummu_Nasra mie nakwambia wazi, mtoto kahitimu mapema hivo na watu wakamuona, hicho ni kijicho. Kwetu Konde nimeyaona haya si kwa mtu mmoja. Mtafutieni mtu wa kisomo na hiyo miwani iwekeni kwanza. Dada yangu wa tumbo moja jicho lilipinda ana miaka 3 baada ya homa kali, spitali wakampa dawa ya malaria, homa ikaondoka jicho likabaki vile vile mpaka leo ni mtu mzima na watoto wake.

#3 Nesi_wa_Wete
@Yakhe kisomo hakuna anaekikataa, msomeeni na mie ntaitikia amin, ila miwani asiivue hata siku moja. Jicho vivu haliumi wala halioneshi kwa nje ndo maana mzazi anakaa nalo miaka. Wataalamu wanakadiria watoto 2 mpaka 3 katika kila 100, kwahivo skuli ya watoto elfu moja wapo 20 au 30 na walimu hawawajui.

Bi Ummu kwa maelezo yako inaelekea ni ile ya nambari za macho kutofautiana, jicho moja linataka lenzi kubwa na jengine linataka ndogo au halitaki kabisa. Tokea mdogo ubongo unaletewa picha mbili, moja safi moja ina ukungu, unaichukua safi na ya ukungu unaipuuza, mwaka baada ya mwaka mpaka njia ya jicho lile inadhoofika kule kule ndani. Sababu ya pili ni makengeza, macho yanatazama pande mbili na ubongo ungekuwa unaona kila kitu viwili viwili kwahivo unazima kimoja. Ya tatu ndo ya haraka kuliko zote, kitu kinachozuia mwanga usiingie, mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao au kope lililoanguka likafunika mboni, hiyo haitaki kusubiri, kila mwezi unaopita ni hasara.

Sasa kwa nini zima ndo lizibwe. Nyumba ina ndugu wawili, mmoja ndie anaeitwa kwa kila kazi na yule mwengine kalala tu. Huyu mchapakazi akisafiri ndio yule atainuka. Mwambie mamamkwe hivo, na mwambie jicho zima halitozibwa kutwa kucha.

#4 Mkarafuu_Mkoani
Mie ninalo, la kulia, na nimelijua ukubwani nilipokwenda kupima macho kwa mambo ya leseni. Miaka yote najua watu wote wanaona kama nnavoona mie. Kwetu wachumaji karafuu, nimepanda mikarafuu tokea kijana lakini tawi nalikosa, mkono unafika kabla au unapita, naambiwa mzembe. Mpaka leo nikimimina chai lazima mdomo wa birika niugusishe kwanza kwenye ukingo wa kikombe, nisiposikia ule mgongano simimini maana itakwenda mezani. Mtu akikwambia jicho moja linamtosha mtoto usimsikilize, linatosha kuona ila kupima umbali ni kazi ya macho mawili. Na fikiria hilo zima lipate ajali, jiwe, mwiba, atabaki na nini. Bora azomewe na plasta yake ya kuzibia jicho akiwa mdogo.

#5 Bwana_Boti
Mbona mnazunguka wakati opareshini ipo. Mtoto wa shemeji yangu alikuwa na makengeza, kapelekwa Dar kafanyiwa, macho yamenyooka kama hajapata kuwa na kitu. Dada panda boti ya asubuhi jioni uko nyumbani umemaliza.

#6 Mpima_Macho
Bwana_Boti opareshini ile inarekebisha misuli inayogeuza jicho, inalinyoosha, haiamshi jicho lililolala. Kama alikuwa na jicho vivu kabla basi baada ya opareshini ni jicho vivu lililonyooka, na kwa kawaida daktari anataka uoni upandishwe kwanza kwa miwani na plasta. Huyu wa Ummu_Nasra macho yashanyooka, watamkata nini? Huyo wa shemeji yako fanyeni hivi, mzibeni jicho moja moja kwa kiganja mumuoneshe vidole kutoka mbali kidogo halafu urudi utwambie.

Na dada yake Yakhe. Kuna makengeza yanayotokana na mtoto kuwa na nambari kubwa za kutoona karibu, anayakaza macho ili aone vizuri, katika kuyakaza yanaingia ndani upande wa pua. Hayo mara nyingi huanza baina ya miaka 2 na 3, na wazazi wengi huyaona mara ya kwanza mtoto akiwa katoka kuumwa, ndo homa inabeba lawama. Wengi wao miwani peke yake inawanyoosha.

#7 Yakhe_wa_Konde
Mpima_Macho nakuheshimu ila hukuwepo. Mie nilikuwepo. Kabla ya homa macho yake yalikuwa sawa sawa na picha ya Idi ipo.

#8 Nesi_wa_Wete
Na mie hapo Mpima_Macho ntakupinga kidogo, homa nazo si za kuachiwa hivi hivi. Uti wa mgongo au ugonjwa mwengine wa kichwani unaweza kugusa mshipa wa fahamu unaovuta jicho kwa nje na jicho likaingia ndani. Hatuwezi kulijua la dada yake kwa kusoma humu. Makengeza yaliyokuja ghafla baada ya homa, na maumivu ya kichwa au kutapika, hayo ni ya kwenda spitali siku ile ile.

#9 Kijana_wa_Ngambo
Tusidanganyane, ni simu hizi. Mtoto ana miaka 2 kashikishwa simu ili anyamaze, macho yatakuwa mazima vipi?

#10 MaalimSkuli
Simu zina madhara yake na mie kwangu nimezipiga marufuku, lakini nimesomesha tokea zama hizo simu hata afisini hatuna na watoto hawa nilikuwa nao. Simu haichagui jicho moja ikaliacha jengine. Nnachokiona sana darasani ni ukoo, ukimpata mmoja basi ulizia na mdogo wake.

Ishara zipo ukizitafuta. Anaegemeza kichwa upande mmoja kila anapotazama ubao, anafumba jicho moja akitoka juani, anagonga bega lile lile kwenye mlango, mpira wa kudaka unampita. Na wengine hawana hata moja katika hizo, kama huyu wa Ummu_Nasra. Kwahivo dawa ni kumpima jicho moja moja. Tahadhari yenu ni moja, watoto wajanja, anaesubiri kwenye foleni anawasikia wenziwe wanavojibu na anaihifadhi karatasi nzima, na anaeziba jicho kwa vidole anachungulia katikati ya vidole. Zibeni kwa kiganja kizima au karatasi ngumu.

#11 Ummu_Nasra
Shukran nyote, Allah akulipeni. Mamamkwe nimemsomea ile ya ndugu wawili, kanyamaza, hajasema ndio wala la. Sasa mbona hamkunijibu la umri? Na saa ngapi kwa siku? Mmoja pale spitali kasema saa 2, mwengine kasema 6, nimetoka nimechanganyikiwa.

#12 Mpima_Macho
Miaka 7 haijapita. Hilo la miaka 6 lilishikwa sana zamani kwa sababu ya utafiti wa wanasayansi wawili, Hubel na Wiesel, walianza kwenye miaka ya 1960 kwa watoto wa paka, wakilifunga jicho moja siku za mwanzo za uhai ubongo unalitupa, wakilifunga la paka mkubwa haliharibiki. Wakapata tuzo ya Nobel 1981. Watu wakafahamu kwamba dirisha likifungwa limefungwa. Lakini Marekani 2005 ulitoka utafiti wa watoto 507 wa miaka 7 mpaka 17. Wale wa 7 mpaka 12 waliopewa miwani pamoja na plasta na matone ya kulitia ukungu jicho zima, 53 katika kila 100 walipanda vizuri, waliopewa miwani tu ni 25. Wa 13 mpaka 17 tofauti ilikuwa ndogo mno, isipokuwa wale ambao hawajapata kutibiwa kabisa, hao 47 kwa miwani na plasta, 20 kwa miwani tu. Kwahivo mwanao yumo ndani, ila usilifanye likawa la mwakani.

Saa: 2003 walilinganisha saa 2 na saa 6 kwa watoto wa miaka 3 mpaka chini ya 7 wenye jicho vivu la wastani, matokeo yakatoka sawa. Kwa jicho lililo chini sana ndio wanaanza na 6. Mwanao hakuona hata alama ya juu kwahivo sishangai aliesema 6. Ulizia kipimo cha jicho ni kipi baada ya kuvaa miwani, si kabla.

#13 Nesi_wa_Wete
Naongezea, kuna watoto hawatohitaji hata plasta. Katika wale wa nambari kutofautiana zaidi ya robo walipona kwa miwani tu, utafiti wa 2006. Ndo maana sisi tunasema miwani kwanza, mpe miezi minne hivi, plasta baadae. Kumbandika mtoto plasta bila ya haja ni kumtesa.

#14 Mpima_Macho
Hiyo ilikuwa hivo mpaka juzi juzi. 2024 ulitoka utafiti wa Ulaya, watoto 334, kundi moja wamekaa na miwani wiki 18 ndio wakaanza plasta, jengine wameanza baada ya wiki 3 tu. Walioanza mapema walifanikiwa 67 katika 100, waliosubiri 54. Mie siku hizi sisubiri.

#15 Nesi_wa_Wete
Nimeusoma. Na hao 54 waliosubiri wamefanikiwa pia. Wewe unakaa mjini, mgonjwa wako anarudi kwa daladala. Wangu anatoka Micheweni, nikimpa vitu viwili siku moja anaacha vyote viwili. Mie nampa miwani kwanza aizoee, akirudi naona kama kaivaa kweli, kioo kina alama za vidole na pua ina alama ya miwani, hapo ndio nampa plasta.

#16 Baba_wa_Mapacha
Hayo ya wiki 3 na 18 waachieni wao, mie nikwambie ya nyumbani maana ndiko vita viliko. Nna mapacha, mmoja ndie aliekuwa nalo, kaanza na miaka 5. Siku ya mwanzo kaibandua kabla sijafunga mlango. Ya pili kaibandika paka. Tukajifunza polepole. Bandika asubuhi akishaoga, ngozi iwe kavu kabisa, usipake mafuta wala poda, jua likipanda jasho litaibandua na jioni mtoto keshachoka atakutilia ubishi. Weka kipande cha gozi juu ya kope lililofumba, plasta ya karatasi juu yake kutoka kwenye nyusi kwa mshazari mpaka karibu na shavu, bonyeza kingo kwa kidole, HALAFU miwani juu ya plasta. Mke wangu alishona kifuniko kizuri cha kitambaa cha kanga cha kuvisha kwenye kioo cha miwani, mtoto kakipenda, kumbe anachungulia kwa upande wa pua saa zote. Kama kanga basi iwe kwa michezo, kazi ni ya plasta. Na kuitoa usivute, paka mafuta ya nazi kwenye kingo subiri kidogo inateleza wenyewe, ukivuta ngozi inachubuka na kesho hukubaliwi.

Saa hizo mpe kazi anayoipenda. Wangu alikuwa anachagua mchele na bibi yake, anatafuta mawe, kila jiwe analilia takbira. Na bibi huyo huyo nikitoka alikuwa anamtolea kwa huruma, mpaka nikamchukua kliniki akasikia mwenyewe kwa daktari. Bi Ummu mchukue mamamkwe, usimueleze wewe.

Na siku za mwanzo mtoto akizibwa haoni kweli, usimuache ngazini wala asivuke barabara.

#17 Ummu_Nasra
Baba_wa_Mapacha nimecheka na nimelia. Na sasa anaona vipi huyo mwanao?

#18 Baba_wa_Mapacha
Alhamdulillah. Si sawa na jengine ila anasoma mistari ambayo alikuwa haijui kama ipo. Tulipoacha plasta liliteremka kidogo, tukarudishwa saa 2, ndio likatulia.

#19 Mpima_Macho
Hilo la Baba_wa_Mapacha kuteremka ni la kawaida, kama mmoja katika wanne hurudi nyuma ndani ya mwaka wa kwanza. Aliyekuwa anaziba saa 6 au 8 asikatishwe ghafla, ateremshwe mpaka 2 kwanza. Na msizidishe kwa tamaa mkaziba kutwa nzima bila ya kuambiwa, lile zima nalo linaweza kuzorota. Tarehe za kurudi kliniki ndo kazi yake hiyo.

#20 Shangazi_Mpendae
Jamani mbona plasta tu? Sisi mtoto wa kaka kapewa matone, atropini, Jumamosi na Jumapili basi. Yanatiwa kwenye lile zima, linapata ukungu wa karibu, la uvivu linalazimika kufanya kazi. Hakuna vita, hakuna mtoto kuitwa chongo skuli.

#21 Mpima_Macho
Ni kweli na hayo yamepimwa, 2002 watoto 419 matone na plasta yakakaribiana, na 2004 matone ya wikendi yakatoka sawa na ya kila siku. Ila mboni inabaki wazi siku kadhaa, na jua letu hili, mtoto anafinya macho akitoka nje, mvalisheni kofia. Chupa iwekwe juu kabisa na ifungwe, atropini ni sumu mtoto akiinywa. Ukiona uso umekuwa mwekundu, joto limepanda, moyo unakwenda mbio, kinywa kikavu, acha na ukimbie spitali. Na kubonyeza kidole pembeni ya jicho upande wa pua ukishatia kunapunguza dawa kuteremka kooni.

#22 Nesi_wa_Wete
Mie nabaki na plasta. Plasta ukiona tatizo unaibandua. Tone likishaingia limeingia.

#23 Shangazi_Mpendae
Na plasta ikibanduliwa na bibi umeifanyia nini? Tone likishaingia limeingia, hata bibi halitoi.

#24 MaalimSkuli
Hapo Shangazi kapiga penyewe. Yakhe na wewe usidhani haya yametoka Ulaya juzi. Thabit bin Qurra, mtaalamu wa Baghdad aliyefariki 901, anatajwa kuwa alishauri kuliziba jicho zima ili lililopinda lifanye kazi. Mfaransa Buffon kaja kuliandika 1743. Kwahivo kisomo na plasta vinaweza kukaa nyumba moja.

#25 Yakhe_wa_Konde
Hilo la Thabit bin Qurra silikuwa nalijua. Shukran maalim. La kijicho sijalitoa.

#26 Mwanamwema84
Samahani naingilia. Mie mwanangu wa miezi 11, jicho moja naona linakwenda upande mara nyengine. Na picha za usiku za simu, za taa, jicho moja linatoka jekundu kama kawaida lile jengine linatoka jeupe kama la paka. Na hili ni jicho vivu?

#27 Mpima_Macho
Dada sikiliza vizuri. Usisubiri uzi huu, usisubiri wiki ijayo. Weupe kwenye mboni unaweza kuwa mtoto wa jicho, na unaweza kuwa uvimbe wa saratani ya ndani ya jicho ambayo huwapata watoto wadogo, na makengeza ni ishara yake ya pili. Pengine si hilo, picha nyengine zinatoa weupe kwa pembe ya taa tu, lakini hilo la kupinda limo pia na hakuna anaeweza kulikataa bila ya kulitazama jicho kwa ndani. Nenda kesho asubuhi kitengo cha macho Mnazi Mmoja kama uko Unguja, ukiwa Pemba nenda Chake Chake, waoneshe picha zenyewe usizifute. Wakiona haja watakupeleka Dar, spitali ya Muhimbili au CCBRT, kwenda huko usichelewe.

#28 Nesi_wa_Wete
Mwanamwema84 nimekuandikia inbox. Nijibu.

#29 Baba_wa_Mapacha
Nenda dada. Ukifika dawati la kupokelea wagonjwa sema "mboni nyeupe", usiseme makengeza, utapangiwa tarehe ya mbali.

#30 Mwanamwema84
Nimejibu. Nakwenda asubuhi inshaallah na babaake.

#31 MshonaKofia
Allah amjaalie kheri. Mie nimewasoma nyote tokea juu na hakuna aliyetaja wakubwa isipokuwa Mkarafuu. Nna miaka 38, nashona kofia za viua, kazi yangu yote ni vile vitundu vidogo vidogo nazungushia uzi, na nafanya kwa jicho moja. Jioni linauma linatoa machozi. Daktari mmoja kaniambia sahau, ubongo ushakauka. Kweli hakuna kitu?

#32 Kijana_wa_Ngambo
Kipo. 2013 Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada waliwapa watu wazima 18 mchezo wa Tetris kwa miwani maalum, vipande vinavyoanguka vinaonwa na jicho moja na vilivyokwishapangwa vinaonwa na jengine, kwahivo bila ya macho mawili kushirikiana huchezi. Wiki mbili tu jicho vivu likapanda kuliko wale waliocheza kwa kuziba. Na Marekani kuna mama mwanasayansi Susan Barry, alikuwa na makengeza tokea mtoto, akafanya mazoezi akaja kuona umbali sawasawa akiwa na miaka 48. Na 2021 Wamarekani waliidhinisha Luminopia, mtoto anatazama katuni ndani ya kifaa cha kichwani kila jicho na picha yake.

#33 Mpima_Macho
Kijana maliza hadithi. Mchezo ule ule wa vipande walipoupeleka majumbani, watu 115 wa miaka 7 mpaka 55, utafiti wa 2018, haukushinda mchezo wa uongo uliowekwa kwa kulinganisha. Na 2016 watoto 385 wa miaka 5 mpaka 12, mchezo wa iPad haukuifikia plasta ya saa 2. Luminopia ilipoidhinishwa 2021 ilikuwa kwa miaka 4 mpaka 7, ni ya watoto, si ya mtu wa 38. Na Susan Barry tatizo lake lilikuwa makengeza, uoni wa kila jicho moja moja ulikuwa mzuri, si jicho vivu kama la MshonaKofia.

#34 Mkarafuu_Mkoani
Lakini Mpima_Macho wewe mwenyewe umesema dirisha halifungwi pale watu walipodhani. Walisema 6, wakasema 12, wakasema 17. Kesho wakisema 40? Nimesikia pia mtu aliyepoteza jicho zima ukubwani, lile vivu likaanza kupanda wenyewe.

#35 Mpima_Macho
Hilo la mwisho ni kweli, kwa baadhi yao hutokea. Ndo maana sisemi ubongo umekauka, haujakauka. Nnasema hakuna tiba iliyothibitika ya kumpa mtu wa 38 leo aende nyumbani. MshonaKofia usiende mtandaoni ukanunua mazoezi ya pesa nyingi. Nenda ukapimwe miwani ya macho yote mawili, watu wazima wengi hawajapata kuvishwa lenzi sahihi kwenye jicho vivu lao na wengine hupanda mistari kwa hilo tu. Na vaa miwani ya kulinda hilo zima, sindano iko karibu na uso wako kutwa.

#36 MshonaKofia
Kuvishwa lenzi sijapata kweli, walisema halina faida. Ntakwenda. Ila Kijana hebu nitumie hilo jina la mchezo.

#37 Kijana_wa_Ngambo
Nimekutumia. Usiache kazi yako tu.

#38 Bwana_Boti
Narudi kwenye lile la #6. Nimekwenda kwa shemeji, nimemziba mtoto kwa kiganja. Jicho lililofanyiwa opareshini haoni vidole vyangu kutoka mlangoni mpaka kitandani. Mama yake kakaa chini. Wanasema waliambiwa warudi kwa plasta, wakaona macho yamenyooka wakaona yamekwisha. Ana miaka 9.

#39 Nesi_wa_Wete
9 yumo kwenye wale wa 7 mpaka 12, soma #12 tena. Nambari za miwani yake zimepimwa lini? Warudi na karatasi zao zote za Dar.

#40 Ummu_Nasra
Nimerudi kliniki na mamamkwe, nimefanya kama alivosema Baba_wa_Mapacha. Daktari kamziba mamamkwe mwenyewe jicho moja moja. Kimya. Kisha akauliza plasta inauzwa wapi. Tunaanza saa 2 na miwani haivuliwi. Mwanamwema84 vipi huko?

#41 Mwanamwema84
Wametutia dawa ya kutanua mboni wakamtazama. Kuna kitu, wanataka atazamwe kwa usingizi. Tunavuka Dar kesho. Niombeeni.

#42 MaalimSkuli
Allah amponye. Tunakuombea sote.

#43 Yakhe_wa_Konde
Amin. Nesi_wa_Wete nna swali. Mtoto wa mwisho wa dada yangu yule ana miaka miwili na nusu. Picha zake nimezitazama zote hazina weupe. Nimemziba jicho la kushoto katulia anacheza, nimemziba la kulia kanipiga kibao cha uso. Hajui kusoma wala kuhesabu, watampima na nini?

#44 Nesi_wa_Wete
Kwa tochi na vitu vya kuchezea, na mwanga unaorudi kutoka ndani ya jicho unatupa nambari bila yeye kusema neno. Kibao hicho ni jibu tosha, lile ulilolizibia akakasirika ndilo analolitegemea. Mlete Jumatatu, na dada mwenyewe aje nae apimwe.